Hayati Godfrey Chitalu, Mfungaji wa Mabao Mia na Saba

Ndugu zetu wa Ufipa ambao baba zao au babu zao walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka hawana haja ya kuambiwa Godfrey Chitalu alikuwa nani. Jina hilo walilisikia utotoni, likitajwa na wazee jioni. Lakini vijana wa leo, ambao kila Jumamosi huketi mbele ya televisheni mjini Sumbawanga wakibishana juu ya wachezaji wa Uingereza na Hispania, wengi wao hawamjui, ingawa alizaliwa katika nchi jirani ambayo mtu akitoka hapa kwa gari kupitia Kasesya aifikia bila kulala njiani. Kwa ajili yao twaona yafaa kuyaandika maisha yake.

Chitalu alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1947 katika mji wa Luanshya, uliomo katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, nchi ambayo wakati ule ikiitwa Rodezia ya Kaskazini. Luanshya ni mji uliojengwa na mgodi. Ndipo mahali ambapo mwaka 1935, miaka kumi na miwili kabla ya kuzaliwa kwake, wachimba madini Waafrika waligoma kwa sababu ya kodi iliyoongezwa, na sita kati yao wakauawa kwa risasi za askari. Katika miji ya namna hiyo mpira wa miguu ulikuwa zaidi ya mchezo. Makampuni ya migodi yalijenga viwanja ili wafanyakazi wapate pumziko na wasiwe na nafasi ya kufikiri mambo mengine. Nao wafanyakazi wakavifanya viwanja hivyo kuwa vyao, wakaunda vilabu vyao, wakawainua mashujaa wao wenyewe. Watu wa makabila mengi, waliotoka Mbala, Kasama, Nyasa na huku kwetu Tanganyika, walijikuta wakishangilia timu moja.

Kijana Chitalu alianza kuichezea Kitwe United mwaka 1964. Mwaka huo huo, tarehe 24 Oktoba, Zambia ilipata uhuru wake, naye alikuwa ametimiza miaka kumi na saba siku mbili tu zilizotangulia. Basi twaweza kusema kwamba mchezaji huyu na taifa lake walianza kutembea pamoja. Alicheza katika nafasi ya mshambuliaji wa kati, na tangu mwanzo alionekana kuwa na kipawa kimoja kilichowazidi wenzake wote: alijua goli liko wapi hata akiwa amelipa mgongo. Alikuwa na nguvu za mwili, na shuti lake lilikuwa zito. Watu wakampa jina la Ucar, ambalo lilikuwa chapa ya betri zilizotumika siku zile katika redio na tochi. Hapana shaka aliyembandika jina hilo alikuwa ameona jinsi alivyokuwa hapungukiwi na nguvu.

Mwaka 1968 alifunga mabao 81 katika msimu mmoja. Ulikuwa mwaka wa kwanza Zambia kumchagua mwanasoka bora wa mwaka, na aliyechaguliwa ni yeye. Heshima hiyo aliipata tena mwaka 1970, na 1972, na 1978, na 1979, yaani mara tano kwa jumla. Msomaji atazame vizuri miaka hiyo. Kati ya ya kwanza na ya mwisho ipo miaka kumi na mmoja. Wachezaji wengi huwaka kwa misimu miwili au mitatu kisha wakazimika. Huyu alikuwa bora alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na akawa bora tena akiwa na thelathini na miwili.

Mwaka 1971 aliihama Kitwe akaenda Kabwe, mji ambao zamani uliitwa Broken Hill, akajiunga na Kabwe Warriors. Hiyo ni timu ya mji wa reli na wa mgodi wa risasi na zinki, na wafanyakazi wa shirika la reli ndio waliokuwa moyo wake. Katika mwaka wake wa kwanza Warriors walitwaa ubingwa wa nchi, na mwaka uliofuata wakautwaa tena. Na huo mwaka uliofuata, 1972, ndio uliolifanya jina la Chitalu kuwa la kuandikwa hapa.

Katika mwaka huo mmoja Chitalu alifunga mabao 107. Mwaka 1972 ulikuwa na siku 366. Kwa hiyo alifunga bao moja kwa kila siku tatu na nusu hivi, tangu Januari mpaka Desemba, tukizihesabu na siku za mapumziko, na siku za mvua, na siku za safari ndefu za basi baina ya mji na mji. Viwanja vingi havikuwa na nyasi za kupendeza. Walinzi wa siku zile nao hawakuwa watu wa huruma, na marefa walikuwa na subira kubwa kwa mateke kuliko marefa wa leo. Mambo hayo yote yawekwe katika mizani pamoja na hesabu yenyewe.

Kwa miaka arobaini hesabu hiyo ilijulikana Zambia, lakini ulimwengu haukuisikia. Ndipo Desemba 2012 Lionel Messi wa Barcelona alipoipita hesabu ya Mjerumani Gerd Müller, aliyefunga mabao 85 katika mwaka ule ule wa 1972, naye Messi akaumaliza mwaka akiwa na mabao 91. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba hakuna mwanadamu aliyewahi kufika hapo. Chama cha mpira cha Zambia, ambacho wakati huo kiliongozwa na Kalusha Bwalya, kikasimama na kusema kwamba yuko mwanadamu aliyefika hapo na kupapita, naye ni Godfrey Chitalu wa Kabwe. Wabrazili wa klabu ya Flamengo nao wakamtaja Zico wao, kwamba mwaka 1979 alifunga 89.

Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, lilijibu kwamba halitunzi kumbukumbu za mashindano ya ndani ya kila nchi, na kwa hiyo haliwezi kumthibitisha yeyote. Jibu hilo, tukilipima kwa haki, si baya. Kwani kwa kanuni hiyo hiyo hata mabao ya Messi na ya Müller hayakuwa rekodi ya FIFA. Lakini angalieni yaliyofuata. Hesabu ya Mjerumani, iliyotunzwa na klabu yake na magazeti ya nchi yake, iliaminiwa bila swali na kutangazwa kila pembe. Hesabu ya Mzambia, iliyotunzwa vivyo hivyo, ikaambiwa ilete ushahidi. Sisi twasema kwamba aaminiwe kila mmoja kwa daftari lake, au asiaminiwe hata mmoja. Kuna wanaosema kwamba ligi ya Zambia haikuwa na kimo cha ligi ya Ujerumani. Hilo halina ubishi, wala hakuna aliyedai kwamba ilikuwa nacho. Lakini swali lilikuwa ni mabao mangapi, na mia na saba ni mengi kuliko tisini na moja popote pale.

Tena lipo jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Wazambia waliweza kusimama mbele ya ulimwengu kwa sababu miaka arobaini nyuma mtu fulani aliandika. Mwandishi wa gazeti alikwenda uwanjani Kabwe, akarudi, akaandika nani alifunga na dakika ya ngapi. Je, sisi? Katika uwanja wa Nelson Mandela hapa Sumbawanga, ambako Tanzania Prisons walipata kucheza mechi zao za Ligi Kuu, na katika viwanja vya Laela, Matai, Namanyere na Mtowisa, wamepita vijana ambao mabao yao hakuna aliyeyahesabu. Katibu wa klabu ambaye hana daftari la shilingi chache awatendea dhuluma wachezaji wake, hata kama hajui.

Kwa timu ya taifa Chitalu alicheza tangu mwaka 1968 mpaka 1980, michezo 111, akafunga mabao 79. Hakuna Mzambia mwingine aliyefika hapo mpaka leo. Maana yake ni kwamba katika kila michezo kumi ya taifa lake alifunga bao saba, na huko hakukuwa na timu za kuonea. Mashabiki wa Tanzania wenye umri wanaijua Zambia ya miaka ile. Agosti 1979 Taifa Stars yetu ilipata sare ya bao moja kwa moja mjini Ndola, kwa bao la Peter Tino, ikafuzu kwenda Lagos katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1980. Furaha yetu siku ile ilikuwa kubwa hasa kwa sababu tulijua tumewatoa watu wa namna gani.

Mwaka huo wa 1980 Zambia ilikwenda Moscow katika michezo ya Olimpiki. Ilishindwa michezo yake yote mitatu, dhidi ya Warusi, Wakuba na Wavenezuela, na ilifunga mabao mawili tu. Yote mawili ni ya Chitalu, na moja liliingia katika wavu wa Warusi nyumbani kwao.

Wala tusimfanye malaika. Chitalu alikuwa na hasira ya haraka, na zaidi ya mara moja aligombana na marefa na viongozi wa mpira, akaadhibiwa kwa kufungiwa. Wapenzi wake walinung'unika kila mara, lakini adhabu nyingine alizistahili. Tunayataja haya kwa kuwa maisha ya mtu yakisimuliwa bila kasoro, msomaji huacha kuyasadiki hata yale yaliyo mema.

Mwaka 1982 aliacha kucheza, akawa mwalimu wa mpira katika klabu yake ile ile ya Kabwe. Kisha mwaka 1993 alikabidhiwa timu ya taifa. Kwa kweli alipewa hazina. Wengi wa vijana wale walikuwa wamekua pamoja tangu siku za michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, ambako Zambia iliwafunga Waitalia mabao manne kwa bila. Golini alikuwapo David Efford Chabala. Msaidizi wa Chitalu alikuwa Alex Chola, naye mchezaji hodari wa zamani. Lengo lao lilikuwa Kombe la Dunia la mwaka 1994 huko Marekani, na hakuna aliyeona kwamba ni ndoto ya bure.

Tarehe 25 Aprili 1993 waliifunga Mauritius mabao matatu kwa bila huko kisiwani. Wakarudi Lusaka, na bila kupumzika wakapanda tena ndege kwenda Dakar kucheza na Senegal. Ndege hiyo haikuwa ya abiria. Ilikuwa ya jeshi, aina ya Buffalo, kwa kuwa chama cha mpira hakikuwa na fedha za kuwanunulia wachezaji tiketi katika mashirika ya ndege. Na kabla ya safari zile ilikuwa imekaa miezi kadhaa bila kuruka. Walitua Brazzaville kwa mafuta, wakatua Libreville nchini Gabon kwa mafuta tena, na bado walikuwa watue Abidjan. Usiku wa tarehe 27 Aprili, dakika chache baada ya kuondoka Libreville, injini ya kushoto ilishika moto. Rubani, ambaye alikuwa amechoka kwa safari ya Mauritius, aliizima injini ya kulia, iliyokuwa nzima. Ndege ikaanguka baharini karibu na pwani. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, wachezaji 18 miongoni mwao, pamoja na mwenyekiti wa chama cha mpira, Michael Mwape. Godfrey Chitalu alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ripoti ya uchunguzi ilitolewa mwaka 2003, yaani baada ya miaka kumi. Wajane na yatima walingoja muda wote huo kujua ni nini kilichotokea. Sisi hatuoni sababu yoyote ya haki iliyoweza kuchukua miaka kumi. Wala hatuoni kwamba lawama yote ni ya rubani mmoja aliyechoka, wakati walikuwapo wakubwa waliojua hali ya ndege ile na wakawapandisha humo watu ambao taifa zima liliwategemea. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kupewa chombo kibovu na kuambiwa akaze moyo ataielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Wafu walirudishwa Lusaka, wakazikwa kando ya Uwanja wa Uhuru, makaburi yao yakapangwa nusu duara. Kalusha Bwalya, ambaye hakuwamo ndegeni kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na angekwenda Dakar kwa njia yake, aliongoza timu mpya iliyokusanywa haraka haraka, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Afrika huko Tunisia, ikashindwa na Nigeria mabao mawili kwa moja.

Mwaka 2012 fainali ya Afrika ilichezwa Libreville. Zambia iliingia tena, dhidi ya Ivory Coast. Kabla ya mchezo wachezaji walikwenda pwani, mahali palipo karibu na pale ndege ilipozama, wakaimba na kuweka maua majini. Kisha tarehe 12 Februari, baada ya dakika 120 bila bao, walishinda kwa penalti nane kwa saba, na Kombe la Afrika likaenda Lusaka kwa mara ya kwanza.