Askofu wa Chiapa na watumwa wa waumini wake

Katika milima ya Chiapas, kusini mwa Meksiko, kuna mji uitwao San Cristóbal de las Casas. Wahispania waliujenga mwaka wa 1528 katikati ya vijiji vya Wamaya, nao waliuita Ciudad Real miaka mingi. Jina la leo ni la askofu ambaye mji huo haukumtaka.

Bartolomé de las Casas alizaliwa Sevilla mwaka wa 1484. Huko Kuba, akiwa padri tayari, alipewa wenyeji wa kumfanyia kazi, naye akapokea kama wakoloni wengine. Mwaka wa 1514, akitayarisha mahubiri ya Pentekoste, alisoma katika Yoshua bin Sira (kitabu kisichokuwamo katika Biblia yetu) kwamba Mungu hapokei sadaka iliyotoka katika dhuluma. Sisi wahubiri tungeweza kulisema neno hilo mimbarani na kurudi nyumbani. Yeye aliwaachilia watu wake kwanza, ndipo akahubiri.

Alifika Ciudad Real kama askofu mwaka wa 1545, mzee wa miaka sitini. Sheria za mfalme za mwaka 1542 zilikuwa zimekataza kuwafanya wenyeji watumwa, lakini wakubwa wa mji walikuwa na Wamaya majumbani na mashambani mwao. Pasaka ilipokaribia, askofu aliagiza kwamba mwenye watumwa asipewe ondoleo la dhambi mpaka awaachilie. Hao walikuwa waumini wake mwenyewe! Msaidizi wake mkuu alivunja amri na kuwaondolea, na askofu alipotaka kumkamata, watu wenye silaha walivamia nyumba yake. Mwaka uliofuata aliondoka, asirudi tena. Aliendelea kuwatetea wenyeji huko Uhispania mpaka alipokufa Madrid mwaka wa 1566.

Lakini sisi Waafrika hatuwezi kuacha jambo moja. Mwaka wa 1516, akitaka kuwapunguzia wenyeji mzigo, alishauri wapelekwe watumwa kutoka ng'ambo, weusi pamoja nao. Baadaye alitambua kwamba Waafrika walikamatwa kwa dhuluma ileile, akajihukumu vikali katika kitabu chake cha historia. Aliagiza kitabu hicho kisitolewe kabla ya miaka 40. Kilichapishwa mwaka wa 1875.