Thomas Wade: Luteni Aliyekuwa Profesa wa Kichina

Ndugu msomaji aliyeshika gazeti katika miaka ya 1960 na 1970 atakumbuka jinsi majina ya viongozi wa China yalivyopigwa chapa: Mao Tse-tung, Chou En-lai. Ni wachache waliojua kwamba tahajia hiyo, yenye vistari na alama zake, asili yake ni kazi ya mtu aliyeingia China akiwa luteni wa jeshi la kigeni. Mtu huyo ni Thomas Francis Wade, na maisha yake yanawahusu sana wale ambao kazi yao ni kubeba silaha.

Wade alizaliwa London tarehe 25 Agosti, 1818. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza. Kijana alisomeshwa shule ya Harrow, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini hakukaa huko muda mrefu. Mwaka 1838 baba yake alimnunulia cheo cha uafisa, maana katika jeshi la Uingereza la siku zile vyeo viliuzwa kwa fedha, desturi ambayo haikukomeshwa mpaka mwaka 1871. Hivyo Wade aliuacha mlango wa chuo kikuu akashika upanga.

Alipowekwa katika visiwa vya Ionia, karibu na Ugiriki, ndipo tabia yake ilipoanza kudhihirika. Kambi ya amani ina saa nyingi zisizo na kazi, na kila askari anajua jinsi saa hizo zinavyoweza kumharibu mtu. Wade alizitumia kujifunza Kitaliano na Kigiriki. Mwaka 1841 alipata uluteni akahamia Kikosi cha 98, kilichokuwa kimekwisha amriwa kwenda China.

Vita alivyopelekwa havikuwa vya haki. Serikali ya China ilikuwa imekataza kasumba iliyokuwa ikiangamiza watu wake, na Uingereza ikatuma manowari kuwatetea wafanyabiashara wake. Wade alifika Hong Kong mwezi Juni 1842, akashiriki mapigano ya Zhenjiang katika mto Yangtze mwezi Julai. Katika kikosi chake, joto na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 29 Agosti, China ilitia sahihi Mkataba wa Nanjing, ikatoa kisiwa cha Hong Kong, ikafungua bandari tano na kulipa dola milioni 21.

Jeshi lililoshinda lilikuwa na mizinga mingi na wakalimani wachache mno. Wade aliliona pengo hilo, akaamua kulijaza yeye mwenyewe. Mwaka 1845 aliteuliwa mkalimani wa mahakama kuu ya Hong Kong, na mwaka uliofuata akawa msaidizi wa katibu wa mambo ya Kichina. Baadaye akaliacha jeshi kabisa, na lugha ikawa ndiyo kazi yake.

Ugumu wa kazi hiyo msomaji wa Burundi anaweza kuuelewa upesi. Katika Kirundi neno inda laweza kuwa tumbo au chawa, na sikio hutofautisha kwa kupanda na kushuka kwa sauti, ingawa maandishi ni yale yale. Kichina cha Beijing kimeitandaza kanuni hiyo juu ya lugha nzima: silabi moja, ma, ikitamkwa kwa sauti nne mbalimbali huwa mama, katani, farasi au kutukana. Kadhalika mpumuo hubadili maana, kama wasemavyo watu wa mwambao wa Kiswahili wanapotenga paa la nyumba na p'aa wa mwituni.

Wade aliweka utaratibu. Sauti aliziandika kwa herufi za Kilatini, mpumuo akautia alama ya kipumuo, na toni akazihesabu kwa tarakimu. Mwaka 1859 alitoa orodha ya silabi za Beijing, na mwaka 1867 akatoa kitabu kikubwa cha mafunzo, Yü-yen Tzu-erh Chi, kinachomtoa mwanafunzi katika sauti, kikampitisha katika viini 214 vya maandishi, mpaka kikamfikisha kwenye mazungumzo. Aidha, aliichagua lahaja ya mji mkuu, ile iliyosemwa na watumishi wa serikali. Vijana waliopelekwa ubalozini Beijing kujifunza ukalimani walilelewa kwa vitabu vyake.

Lakini haifai kumsifu mtu huyu kwa upande mmoja tu. Elimu yake aliitumia kwa faida ya dola iliyomtuma. Mwaka 1858 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipoishurutisha China kutia sahihi Mkataba wa Tianjin, Wade na mwenzake Horatio Nelson Lay ndio waliokaa na wajumbe wa China kujadili masharti. Kifungu cha 50 kiliagiza kwamba maandishi ya lugha mbili yakitofautiana, maana ya Kiingereza ndiyo itakayoshika. Kifungu cha 51 kilikataza neno yi, ambalo Waingereza walilitafsiri kuwa washenzi, lisitumiwe tena kuwataja katika hati za serikali. Aliyeshindwa vitani alipokonywa hata haki ya kusema kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka huo huo kasumba ikaingizwa katika orodha ya bidhaa halali za kutozwa ushuru, na mwaka 1860 jeshi la Uingereza likaichoma kasri ya Yuanmingyuan, karibu na Beijing.

Hata hivyo, kukaa miaka mingi ndani ya lugha kulimfanya Wade aione China kuwa nchi yenye mustakabali wake. Mwaka 1866 aliiandikia serikali ya China waraka, akiishauri ijenge reli na simu za waya na kupeleka mabalozi katika nchi za nje. Mwaka 1871 akawa balozi wa Uingereza. Mwaka 1875 mkalimani kijana, Augustus Margary, aliuawa Yunnan. Wade aliikaba China kwa madai makali, hata vita vikakaribia. Mwishowe yeye na Li Hongzhang walitia sahihi Mkataba wa Chefoo, tarehe 13 Septemba, 1876. China ilifungua bandari zaidi, ikapeleka London ujumbe wa kuomba radhi, na kiongozi wa ujumbe huo, Guo Songtao, akawa balozi wa kwanza wa China kukaa Uingereza.

Wade alirudi kwao mwaka 1883. Mwaka 1886 alikitunukia Chuo Kikuu cha Cambridge maktaba yake ya Kichina, juzuu 4,304. Mwaka 1888 chuo kikamteua kuwa profesa wake wa kwanza wa Kichina. Tangu aliponunuliwa uafisa hadi kuteuliwa huko ilikuwa imepita miaka 50 kamili. Alishika kiti hicho mpaka alipofariki tarehe 31 Julai, 1895. Aliyemfuata, Herbert Giles, aliirekebisha tahajia yake, ikajulikana kwa majina yao wawili ikaenea duniani.

Mwaka 1958 Wachina walijitungia tahajia yao wenyewe, Pinyin, na kuanzia tarehe 1 Januari, 1979 China ikaitumia katika matangazo yake kwa nchi za nje. Ndipo Mao Tse-tung akawa Mao Zedong. Taifa lililokuwa limeandikiwa majina yake na mgeni likajiandikia lenyewe, na hivyo ndivyo ilivyostahili.

Musaga, kusini mwa Bujumbura, ndipo ilipo ISCAM, chuo cha maafisa wetu. Na katika mji huo huo Chuo Kikuu cha Burundi kinafundisha Kichina kwa njia ya Taasisi ya Confucius. Umbali ambao Wade aliutembea kwa miaka 50, kijana wa leo anaweza kuutembea kwa asubuhi moja. Wanajeshi wa Burundi walioanza kwenda Somalia mwaka 2007 wanafahamu jinsi ilivyo kusimama kizuizini mbele ya raia mwenye hofu, na kati yenu hakuna neno hata moja. Askari au polisi anayejifunza lugha ya watu anapunguza hofu hiyo. Lakini na ajiulize, kabla hajafungua kinywa, lugha aliyojifunza itamtumikia nani: yule anayeamriwa, au yule anayeamrisha tu. Katika maisha ya Wade majibu yote mawili yamo.