Denis Burkitt na taya lililovimba

Mama au mlezi, mtoto akivimba taya huwa tunafikiria jino kwanza. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini ipo saratani inayoanza hivyo hivyo, nayo inaitwa limfoma ya Burkitt. Mfahamu aliyeipa jina.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Utotoni alipoteza jicho moja kwa ajali, lakini alisoma hadi akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikwenda kufanya kazi Uganda, na baadaye akawa katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa wodini kumwona mtoto aliyevimba mataya yote mawili. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akamwona mwingine kama huyo. Hakupuuza. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akatambua kuwa uvimbe wa taya na ule wa tumboni kwa watoto wengi ulikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waliukuta ugonjwa huo zaidi penye joto na mvua nyingi. Leo tunajua kuwa malaria ya mara kwa mara na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe huo, huchangia. Saratani yenyewe haiambukizi.

Uvimbe huu hukua haraka mno, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo Burkitt alitumia dawa. Kuna watoto waliopona kabisa. Dawa kama saiklofosfamidi huharibu maagizo ya kuzaliana yaliyo ndani ya kiini cha seli, kwa hiyo seli zinazozaliana haraka ndizo huumia zaidi.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Siku hizi watoto wengi hupona wakiwahi na kumaliza dawa zote.

Kwa hiyo, ukiona taya au tumbo linavimba haraka, meno yanalegea bila sababu, au jicho linatokeza nje, usisubiri wiki ijayo. Usikubali uvimbe uchanjwe wala kuchomwa nyumbani. Mpeleke mtoto kituo cha afya leo, na uvimbe usipopungua baada ya dawa za jino, rudi uombe rufaa ya hospitali kubwa.