Jimi Hendrix: Nguli wa gita aliyevipa visanduku vya umeme uhai

WANAMUZIKI wanaocharaza gita la umeme wamezozana kwa zaidi ya nusu karne kuhusu vile visanduku vidogo vinavyokanyagwa kwa mguu jukwaani ili kuibadilisha sauti ya ala yao. Wapo wanaoshikilia kwamba mpigaji hodari hahitaji chochote zaidi ya vidole, nyuzi na spika, na kwamba pedali hizo ni kichaka cha kujifichia wasiojua kupiga. Wengine husema kisanduku nacho ni ala. Ubishi huo hauendi mbali kabla ya jina la Jimi Hendrix kutajwa, na ajabu ni kwamba kila upande humdai kuwa shahidi wake.

Hendrix alizaliwa Novemba 27, 1942 mjini Seattle, Marekani, katika familia iliyoandamwa na ufukara. Wazazi wake walitalikiana 1951 na mamake, Lucille, akafariki 1958. Kabla ya kumiliki gita alikuwa akishika ufagio na kujifanya anapiga, kisha akaokota gita dogo lenye uzi mmoja alipokuwa akimsaidia babake kuondoa takataka katika nyumba ya watu. Gita lake halisi la kwanza liligharimu dola 5. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, alizoea kuligeuza gita la mkono wa kulia na kuzipanga nyuzi upya.

Mnamo 1961, baada ya kukamatwa katika magari ya wizi, aliamua kujiunga na jeshi badala ya kwenda jela. Alifunzwa kuruka kwa miavuli katika kambi ya Fort Campbell, Kentucky, na akaruhusiwa kuondoka 1962. Miaka iliyofuata alihangaika akiwapigia wengine, wakiwemo Isley Brothers na Little Richard, bila jina lake kujulikana.

Bahati ilimwangukia 1966, pale Chas Chandler, aliyekuwa mpigaji wa gita la besi katika bendi ya Animals, alipomsikia jijini New York na kumpeleka London. Alitua huko Septemba 24. Wiki moja baadaye, Oktoba 1, alipanda jukwaani pamoja na bendi ya Cream na kumwacha Eric Clapton, aliyetukuzwa na vijana wa Uingereza kuliko mpigaji mwingine yeyote, akiwa ameduwaa. Wanaozidharau pedali huipenda sana habari hii, kwa sababu wakati huo Hendrix alikuwa hajakutana na fundi ambaye angemtengenezea visanduku vyake.

Fundi huyo ni Roger Mayer, aliyekuwa mtafiti wa masuala ya sauti na mitetemo katika jeshi la wanamaji la Uingereza. Walikutana mapema 1967. Mayer alikuwa amebuni kisanduku kilichoitwa Octavia, ambacho huizalisha noti na kuongeza juu yake noti iyo hiyo kwa sauti nyembamba zaidi, mithili ya mtoto anayeimba wimbo mmoja na babake. Ndicho kinachosikika katika kibao Purple Haze kilichotolewa Machi mwaka huo.

Kisanduku kingine kilikuwa Fuzz Face, cha mviringo, kilichoundwa London. Kazi yake ni kuikuza sauti kupita kiasi hadi ncha za mawimbi yake zikatike, na kinachotoka ni mkwaruzo mzito. Vipuri vyake vya germanium vilikuwa na kigeugeu: joto likipanda, sauti hubadilika, na visanduku viwili vilivyotoka kiwanda kimoja vingeweza kutofautiana kabisa. Hendrix hakukiacha kifanye kipendavyo. Alipunguza na kuongeza sauti kwa kitufe cha gita lenyewe, hivi kwamba mkwaruzo ule ule ungetulia na kuwa sauti safi katikati ya wimbo. Pedali ya wah-wah nayo, inayobana na kuachilia sauti kadiri mguu unavyosogea, aliifanya itamke kama mdomo wa mtu. Maelfu wamenunua vifaa vivyo hivyo tangu hapo, na wengi wao walichopata ni kelele.

Katika studio ya Olympic, London, aliendeleza majaribio akiwa na Eddie Kramer, mtaalamu wa kurekodi mzaliwa wa Cape Town. Mwishoni mwa kibao Bold as Love, cha 1967, sauti inazunguka na kuviringika kwa sababu mafundi walicheza kanda za aina moja katika mashine mbili zilizopishana kwa sehemu ndogo mno ya nukta. Hata hivyo, kiu ya kurudia na kurudia ilimchosha Chandler, ambaye alijiondoa albamu ya Electric Ladyland ikiwa bado inarekodiwa 1968.

Si kila aliyemtangulia aliyafurahia mambo haya. Mwaka huo huo Muddy Waters, mkongwe wa bluzi ambaye Hendrix alimhusudu tangu utotoni, alirekodi albamu Electric Mud jijini Chicago akizungukwa na mikwaruzo na wah-wah. Baadaye mzee huyo aliikana hadharani. Alikuwa na haki yake: sauti ile ilikuwa imevalishwa muziki wake kama koti la kuazima, ilhali kwa Hendrix ilikuwa ngozi.

Ushahidi wa hilo ulionekana Woodstock, asubuhi ya Agosti 18, 1969. Askari huyo wa zamani aliupiga wimbo wa taifa wa Marekani huku gita likitoa milio ya mabomu na vilio, wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Hakuna aliyeimba neno lolote, lakini ujumbe ulieleweka.

Vilevile, Desemba 1967 alikuwa amepigwa filamu akiimba bluzi kwa gita la nyuzi 12 lisilo na umeme, bila pedali hata moja. Bado ni Hendrix mtupu.

Gharama za kukodi studio zilipozidi, alijenga yake, Electric Lady, mtaani Greenwich Village, New York, yenye kuta za kupinda na taa za rangi. Ilifunguliwa rasmi Agosti 26, 1970. Punde akasafiri kwenda kutumbuiza katika kisiwa cha Wight, Uingereza, na hakuiona tena. Alifariki London Septemba 18, akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kumeza vidonge vya usingizi na kusakamwa na matapishi. Alizikwa Renton, karibu na Seattle. Kramer na mpiga ngoma Mitch Mitchell walizikamilisha baadhi ya kanda alizoziacha, na miaka miwili baadaye Stevie Wonder alikuwa katika studio hiyo hiyo akirekodi Superstition.