David Livingstone, munganga aliyeugua Kabambare bila dawa



Safari hii gazeti letu linawaletea maisha ya mutu ambaye jina lake sisi wote tunalijua. Wengi wanajua ya kama David Livingstone alikuwa misionari na mutembezi. Wachache wanajua ya kama alikuwa munganga, tena aliugua hapa kwetu Kabambare, pasipo lopitali wala dawa. Kwa nini ninayaandika leo, nitasema kule mwisho.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 Blantyre, inchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Akiwa na miaka 10 aliingia kazi katika kiwanda cha pamba, toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na kisha kazi ndipo alienda kusoma. (Ninyi munaolia ya kama masomo ya jioni ni marefu, fikirini hapo!) Mwaka 1840 alipata cheti cha unganga kule Glasgow, na 1841 alifika Afrika ya Kusini.

Safari yake ya mwisho ilianza 1866. Alitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi wa kwanza 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Alipoona limepotea alijiona kama mutu aliyekwisha kuhukumiwa kufa.

Mwezi wa tisa 1869 alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Mwaka uliofuata vidonda vikubwa vilimuoza miguu. Toka Julai mpaka Oktoba 1870, karibu siku 80, alikaa ndani ya nyumba, hawezi kutembea. Alifanya nini? Alichukua jiwe la kijani lenye shaba, malakiti, akalisaga na maji juu ya jiwe lingine, akapaka kwa unyoya wa ndege. Aliona ya kama dawa nyingine zote hazikusaidia kitu, ile tu ndiyo ilimusaidia. Jiwe, maji na unyoya: hiyo ndiyo ilikuwa lopitali yake. Humu Maniema alisoma Biblia nzima mara nne.

Tena karatasi zikamwishia. Hakuacha kuandika. Alichukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino mwekundu aliotengeneza na mimea ya huku. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa sokoni ku Nyangwe, kando ya Lualaba, wakati watu wa wafanyabiashara ya watumwa walipopiga bunduki. Watu mamia walikufa, wengi wao wamama. Habari ile aliiandika kwenye magazeti yale ambayo mutu mwingine angewashia moto. Ulaya walipoisikia walikasirika, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Tusimufanye malaika. Alichukia utumwa, lakini alikula chakula na kupata ulinzi wa hao hao wafanyabiashara. Na wino wake ulififia hata hausomeki. Mpaka mwaka 2011 ndipo wataalamu waliweza kuutoa wazi kwa taa za namna ya pekee.

Oktoba 1871 alirudi ku Ujiji amekonda sana, na Stanley akamukuta kule. Alikufa mwezi wa tano 1873 katika kijiji cha Chitambo, inchi ya Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao walibeba maiti yake pamoja na karatasi zake mpaka pwani. Alizikwa London 1874.

Sasa sababu ya kuandika. Mwaka jana mutoto mmoja wa mwaka wa kwanza alifuata mupira kwenye takataka nyuma ya kituo kimoja cha afya, akakanyaga sindano. Mimi kapita ndiye niliyeichomoa. Alilia usiku wote, na siku nyingi tuliishi na woga.

Livingstone alikosa yote, basi hakutupa kitu. Leo lopitali zetu zinapata vingi, na vinatupwa ovyo: sindano, chupa, plastiki. Mutu atasema: basi tutumie sindano mara mbili, ndiyo kuchunga mali. Hapana! Yambuku, kaskazini ya inchi yetu, 1976, lopitali ilitoa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote, zinasuuzwa tu katika maji. Ebola ilipita mulemule. Katika wagonjwa 318, watu 280 walikufa.

Kwa hiyo akili ni kutenga. Maboksi makavu na karatasi vitumike tena. Maganda ya jikoni yaende shambani. Bendeji ya kitambaa ifuliwe na kuchemshwa. Lakini sindano na wembe viingie mara moja katika boksi gumu lenye kifuniko, halafu katika tanuru au shimo lililofungwa, mbali na maji na watoto.

Wandugu, chumba chetu cha wagonjwa hakina boksi lile. Jumamosi hii, kisha usafi, wa mwaka wa mwisho tutachimba shimo na kulifunika. Mwenye jembe alete, na mwenye bati kuukuu asilitupe: litakuwa kifuniko.