Seyyid Barghash: Mtawala aliyewaletea maji wakazi wa Mji Mkongwe

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

JINA la Seyyid Barghash bin Said, aliyeitawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, hutajwa zaidi kwa sababu ya majumba yake, hususan Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 mbele ya bahari ya Forodhani. Hata hivyo, kazi yake iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi haikuwa jumba, bali mfereji wa maji.

Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Baba yake alipofariki dunia baharini mwaka 1856, kijana huyo alikuwa pamoja naye katika safari hiyo. Alirejea Unguja akiwa na mwili wa marehemu na nia ya kutwaa madaraka, lakini kiti kilikwenda kwa kaka yake, Seyyid Majid.

Hakukata tamaa. Mwaka 1859 aliongoza uasi, akisaidiwa na baadhi ya ndugu zake, akiwamo Bi Salme, aliyemwandikia barua zake za siri. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, India, kwa takriban miaka miwili. Huko aliuona mji mkubwa wa bandari wenye huduma ambazo Zanzibar haikuwa nazo.

Majid alifariki dunia Oktoba 1870, na Barghash akarithi mji wenye biashara kubwa lakini wenye afya duni. Kipindupindu kilikuwa kimetoka kuua watu wengi katika miaka ya 1869 na 1870, na si kwa mara ya kwanza. Maji ya kunywa yalitoka katika visima vilivyochimbwa karibu na makazi na vyoo, na mengi yalikuwa na chumvi. Uchafu ulitupwa ufukweni, hali iliyomfanya msafiri David Livingstone alalamikie harufu ya mji huo alipopita mwaka 1866.

Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar wakati wa mlipuko huo, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu njia ambazo ugonjwa huo ulipitia Afrika Mashariki. Wakati huo chanzo chake bado kilikuwa kikibishaniwa duniani. Robert Koch alikuja kukitambua kijidudu chake katika miaka ya 1883 na 1884.

Kabla mtawala huyo mpya hajatulia, kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuharibu meli zake. Mwaka uliofuata, Juni 5, 1873, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao mjini. Alifanya hivyo kwa kushinikizwa na Uingereza, iliyowakilishwa na Balozi John Kirk. Mashamba yaliyoujaza mfuko wake yaliendelea kulimwa na watumwa, kwani hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897.

Ni katika mazingira hayo ambapo Barghash aliamua kuyaleta maji mjini kutoka Chemchem, nje ya Mji Mkongwe. Maji yalisafiri kwa mfereji hadi mjini, wananchi wakayateka bila malipo. Maji ya mfereji yalifika pia katika hamamu ya umma aliyoijenga, ambayo ndiyo chimbuko la jina la mtaa wa Hamamni.

Uchaguzi wa chemchemi ulikuwa na faida yake. Mto hubadilika kwa msimu, na masika inapoingia hubeba tope, mchanga na changarawe. Katika nchi za milima kama Uswisi, wataalamu wa leo hufunga vipimo vya mtetemo chini ya vijito ili kujua kiasi cha mawe yanayosukumwa na maji, kwa kuwa mzigo huo huziba mitambo na kujaza mabwawa. Unguja haina milima ya aina hiyo, na baadhi ya vijito vyake huzama katika mawe ya matumbawe kabla ya kufika baharini. Maji yanayotoka tena ardhini huwa yameacha njiani sehemu kubwa ya mzigo wake.

Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875, akanunua meli za moshi na kuanzisha kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya dini vya madhehebu ya Ibadhi. Lakini miaka yake ya mwisho ilikuwa ya uchungu. Mwaka 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake kumlazimisha akubali madai ya Carl Peters bara, na mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu.

Akiwa mgonjwa, alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu. Alifariki dunia Machi 1888, muda mfupi baada ya kurejea Unguja, na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake, Seyyid Khalifa.

Kasri lake la Marhubi liliteketea kwa moto mwaka 1899, na sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Utegemezi wa mji kwa maji ya ardhini, ambao yeye aliupa mfereji wake wa kwanza mkubwa, ungalipo. Kila nyumba inayojengwa juu ya vyanzo hivyo inaupunguzia Mji Mkongwe maji ambayo Barghash aliyaona kuwa haki ya kila mkazi.