Mnyonge Mnyongeni, Lakini Grant Mpeni Haki Yake

Kila wanafunzi wanapojadiliana kuhusu marais wa zamani wa Marekani na kuwapanga kwa ubora, mshindi hujulikana kabla ya mjadala kuanza. Abraham Lincoln huwekwa kileleni, George Washington hakosi kuwa karibu naye, na mambo huishia hapo. Kwa maoni yangu, funzo kubwa liko mkiani mwa orodha. Na katika wote waliowahi kutupwa huko, sioni anayetufunza zaidi ya Ulysses S. Grant, rais wa 18 wa nchi hiyo.

Grant alizaliwa tarehe 27 Aprili 1822 katika kijiji cha Point Pleasant, jimbo la Ohio. Babake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Mwaka 1843 alihitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point akiwa wa 21 kati ya wanafunzi 39. Alipigana katika vita vya Mexico, kisha akajiuzulu jeshini mwaka 1854, na hapo dhiki ikamwandama. Alilima huko Missouri asifanikiwe, hata akawa anauza kuni katika mitaa ya St. Louis. Hata hivyo, mwaka 1859 alimwandikia hati ya uhuru William Jones, mtumwa wake wa pekee, ilhali angeweza kumuuza na kupata fedha alizozihitaji mno. Mwaka uliofuata alikuwa akifanya kazi katika duka la babake mjini Galena, Illinois. Mtu wa miaka 38 ambaye hakuna aliyemtarajia makuu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, mambo yaligeuka. Aliteka ngome ya Donelson mwaka 1862 na mji wa Vicksburg tarehe 4 Julai 1863. Mwaka 1864 Lincoln alimkabidhi uongozi wa majeshi yote ya Muungano, na tarehe 9 Aprili 1865 Jenerali Robert E. Lee alisalimu amri mbele yake huko Appomattox. Miaka minne baadaye, Grant aliingia Ikulu.

Alipokuwa madarakani, Marekebisho ya 15 ya Katiba yaliidhinishwa mwaka 1870, yakipiga marufuku kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka huo huo Wizara ya Sheria iliundwa. Genge la Ku Klux Klan lilikuwa likiwachapa na kuwaua Wamarekani weusi waliothubutu kupiga kura, na mahakama za majimbo ya Kusini zilifumba macho. Mwaka 1871 Grant alitia saini sheria ya kulikabili, akatuma wanajeshi na kuwatia wahalifu mbaroni katika wilaya tisa za South Carolina. Genge hilo lilivunjika. Ni rais yupi mwingine wa karne ile aliyewatetea hivyo wanyonge waliokwisha kuachwa huru?

Naam, dosari zake hazifichiki. Aliwaamini mno marafiki. Mwaka 1875 ilifichuka kwamba watengenezaji wa pombe ya wiski na maofisa wa serikali walikuwa wakila njama kuiba kodi, na katibu wake binafsi akashtakiwa, ingawa aliachiliwa. Mwaka 1876 waziri wake wa vita alijiuzulu kwa tuhuma za rushwa. Mwaka huo huo serikali yake iliwapiga vita Walakota, ambao ardhi yao ya Black Hills ilikuwa imegunduliwa kuwa na dhahabu. Na mwaka 1875, wapiga kura weusi wa Mississippi walipotishwa na kuuawa, hakutuma askari ingawa gavana aliomba msaada.

Sasa tazama alama alizopewa. Mwaka 1948 Profesa Arthur Schlesinger wa Harvard aliwauliza wataalamu 55 wawapange marais 29. Grant alikuwa wa 28. Andrew Johnson, mtangulizi wake aliyepinga haki za watu weusi kwa nguvu zake zote, aliwekwa nafasi ya 19. Lakini katika orodha ya kituo cha televisheni cha C-SPAN ya mwaka 2021, Grant alikuwa wa 20 na Johnson wa 43 kati ya 44. Marehemu hao wawili hawakutenda jipya lolote kaburini. Waliobadilika ni wasahihishaji.

Kwa miongo mingi, vitabu vya historia vya Marekani vilieleza kwamba kuwapa watu weusi kura lilikuwa kosa. W. E. B. Du Bois aliupinga uongo huo katika kitabu chake cha mwaka 1935, ila wengi hawakumsikiliza. Aliyeamini kwamba kura ile ilikuwa kosa angempaje Grant alama njema kwa kuilinda?

Grant alifilisika mwaka 1884 baada ya kulaghaiwa na mshirika wake wa kibiashara. Akiugua saratani ya koo, aliandika kumbukumbu za maisha yake ili mkewe asiachwe fukara, akazimaliza siku chache kabla ya kufariki tarehe 23 Julai 1885. Kitabu hicho, kilichochapishwa na kampuni ya mwandishi Mark Twain, kilimpatia mjane huyo mamia ya maelfu ya dola.

Mimi simpandishi hadi alipo Lincoln. Damu ya Mississippi na ardhi ya Walakota zinamzuia. Lakini namweka bila kusita katika nusu ya juu ya orodha, kwani wizi wa kodi ya pombe hauwezi kuwa na uzito sawa na uhai wa watu. Nawasihi walimu wenzangu: mwanafunzi akileta orodha yake, msimwulize kwanza nani ni wa ngapi. Mwulizeni ametumia mizani gani, na ni nani aliyemkabidhi.